Kusevu, Git, wingu au flashi: msimbo wako uukabidhi kwa nani?

Ilikuwa Machi, mvua za Mbeya zimekolea, saa kumi jioni. Nilikuwa kwenye chumba nilichopanga Mwanjelwa, mbele ya kompyuta ya mezani, nikiandika sehemu ya makato katika mfumo wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa kule Mbozi. Mkulima analeta kahawa, inapimwa, anakatwa mkopo wa mbolea, anakatwa ushuru wa chama, kinachobaki ndicho anacholipwa. Kwa maneno ni jambo la dakika moja. Kwa msimbo nilikuwa nimeshatumia saa tano, maana kuna mwenye mkopo wa misimu miwili, kuna aliyeuza kwa jina la mkewe, na kuna ambaye makato yakizidi mauzo deni lake linasogezwa msimu ujao badala ya kuonyeshwa kama malipo hasi. Radi ikapiga upande wa Loleza. Taa ikazima, na kompyuta nayo.

Umeme uliporudi saa mbili usiku nilifungua faili lile. Jina lipo. Ukubwa upo, KB 14 vilevile. Ndani hamkuwa na herufi yangu hata moja: vijisanduku vyeusi vimeandikwa NUL, NUL, NUL, mstari mmoja mrefu usio na mwisho. Na kihariri changu, programu ninayoandikia msimbo, kilikuwa kinasevu chenyewe! Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Baadaye nilielewa kilichotokea. Programu inaposevu, mfumo endeshi huijibu "tayari" huku sehemu ya data ikiwa bado inasubiri kwenye kumbukumbu kabla haijatua kwenye diski. Umeme ukikatika katikati ya hapo, jina la faili na ukubwa wake vinaweza kuwa vimeshaandikwa, yaliyomo bado.

Nakala pekee niliyokuwa nayo ilikuwa kwenye flashi, ya siku tatu nyuma. Niliandika upya kwa usiku mbili, na bado ile kanuni ya deni la kusogezwa niliisahau. Aliyeigundua ni mhazini wa chama, mzee mtaratibu, alipojaribu kwa jina la shemeji yake. "Mwanangu," akaniambia, "huyu mbona kompyuta inasema ndiye atulipe sisi?"

Tangu siku hiyo vijana wanaoanza kuandika programu huku kwetu wananiuliza watumie nini, nami naona wengi wanalinganisha vitu visivyofanya kazi moja. Kuna hatari tatu tofauti. Kompyuta kuzima ghafla. Kifaa chenyewe kufa, kulowa au kuibiwa. Na mkono wako mwenyewe kufuta au kuharibu. Kila njia nitakayoigusa hapa ni hodari kwa mojawapo na dhaifu kwa nyingine, na kwa kila moja nitauliza swali lilelile: je, inafanya kazi siku ambayo umesahau?

Kihariri kinachosevu chenyewe, na UPS

Kihariri hicho na UPS, kile kisanduku chenye betri kinachoishikilia kompyuta kwa muda umeme ukikatika, vinapambana na hatari ya kwanza tu, ila kwa namna mbili.

VS Code, ambayo wengi wetu tunaitumia, haisevu yenyewe mpaka uiwashe. Ingia kwenye mipangilio, tafuta `files.autoSave`, chagua `afterDelay`. Itasevu sekunde moja baada ya wewe kuacha kuandika. Kuanzia mwaka 2022 ina pia historia ya kila faili, ipo chini ya kichwa kiitwacho Timeline, na kwa kawaida hutunza hali 50 za nyuma. Hii historia wengi hawajui ipo, na mara nyingi ina thamani kuliko kusevu kwenyewe, kwa sababu kinachosevu chenyewe husevu na makosa yako pia. Umefuta kitendakazi kizima kwa bahati mbaya saa nne asubuhi, saa sita unakihitaji: fungua Timeline, rudi.

Anayetumia Android Studio au PyCharm ana kitu kama hicho, kinachotunza siku tano za kazi. Notepad++ hutunza picha ya ambacho hujasevu kila baada ya sekunde 7. Vim huandika faili la pembeni lenye mwisho wa `.swp` kila ukifikisha herufi 200 au ukitulia sekunde 4, na ukirudi baada ya umeme kukatika hukuuliza kama unataka kurejesha. Usikimbilie kulifuta faili hilo kwa kudhani ni takataka. Nimeona mtu akifanya hivyo na kazi ikaenda nayo.

UPS haihifadhi chochote. Inakununulia dakika chache za kufunga kazi kwa utaratibu, na dakika hizo ndizo zingeniokoa ile jioni. Kama una laptopu yenye betri nzima, UPS tayari unayo. Kama uko kwenye kompyuta ya mezani, Mbeya hii ya kuanzia Novemba hadi Aprili, nunua UPS kabla ya kununua kioo kikubwa au kibodi ya taa. Kompyuta ya mezani bila UPS pamoja na kihariri kinachosevu kila sekunde ndiyo hali iliyonizalia zile NUL.

Udhaifu wa vyote viwili ni mmoja: kila kitu bado kiko kwenye diski ileile. Diski ikifa, Timeline imekufa nayo.

Git na folda ya wingu

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo watu wanapochagua vibaya. Git ni programu ya kutunza historia ya msimbo; folda ya wingu ni folda inayonakiliwa yenyewe mtandaoni.

Folda ya wingu, iwe Google Drive, OneDrive au Dropbox, inavutia kwa sababu haina cha kujifunza. Unaweka mradi ndani ya folda, unaendelea na maisha, wenyewe unapanda. Nafasi ya bure ni GB 15 kwa Google Drive (hizo unagawana na barua pepe na picha zako), 5 kwa OneDrive, 2 kwa Dropbox. Kwa swali langu la siku uliyosahau, folda ya wingu inashinda Git waziwazi: Git bila wewe haifanyi kitu.

Lakini folda ya wingu ni kioo. Ukifuta hapa, kule panafutika. Faili likijaa NUL hapa, NUL zinapanda na kukaa mahali pa msimbo wako. Kuna pipa la taka, na kwenye Google Drive kilichofutwa hukaa humo siku 30. Kuna pia matoleo ya nyuma ya kila faili. Tatizo ni kwamba programu si faili moja. Ni faili 40 zinazotegemeana, na ukitaka kurudi Jumanne saa nane mchana, utazirudisha moja moja huku ukikisia ipi ilikuwa na ipi wakati ule. Huduma hizi zimepangwa kwa ajili ya barua na jedwali la hesabu.

Halafu kuna bando. Mradi wa JavaScript una folda ya `node_modules` yenye maelfu ya vifaili ambavyo wala hukuviandika wewe. Folda ya wingu haijui hilo, inapandisha vyote. Kijana mmoja alikuja kwangu akilalamika kwamba bando lake la wiki limeisha siku ya pili. Tulipofungua kompyuta, ilikuwa inapandisha vifaili hivyo kimoja kimoja tangu alfajiri.

Git ni kitu kingine kabisa. Linus Torvalds aliianza mwaka 2005 kwa ajili ya kutunza msimbo wa kiini cha Linux, na inafikiri kama mtu anayeandika programu: inatunza hali ya mradi mzima kwa wakati mmoja. Ukikomiti, umeweka alama ya kurudi. Ukisukuma kwa `git push`, alama hiyo imekwenda kukaa kwenye mashine nyingine mbali na mvua zetu. Tangu Januari 2019 GitHub, tovuti inayotunza miradi ya Git, inaruhusu ripo (ghala la mradi na historia yake) za siri bila malipo, kwa hiyo ile hofu ya kwamba kila mtu ataona kazi ya mteja wako haina msingi tena. Na bando halina shida: mistari 500 ya msimbo ni kama KB 20, Git inaibana kabla ya kuituma, na inatuma kilichobadilika tu. Orodha ya visivyopaswa kupanda unaiandika mara moja kwenye `.gitignore`, na `node_modules` iwe ya kwanza, ikifuatiwa na faili la `.env` lenye nywila zako.

Kwa mkono unaokosea, Git haina mpinzani. Hata ukifuta tawi zima (mkondo wa pembeni wa komiti), `git reflog` inakumbuka ulipokuwa, na kwa kawaida kumbukumbu hizo zinakaa siku 90, ila za komiti zisizo tena kwenye tawi zinakaa siku 30. Ila hapo kuna mtego ambao lazima niuseme kwa sauti: Git inalinda ulichokomiti. Mabadiliko ambayo hujakomiti kwenye mafaili ambayo Git inayafuatilia, `git reset --hard` inayafuta bila kuuliza. Kama ulikuwa umefanya `git add` angalau, kuna nafuu, kwa sababu yaliyomo yalishaandikwa ndani ya folda ya `.git`, amri ya `git fsck --lost-found` inaweza kukuletea vipande, japo bila majina. Kama hukufanya hata hiyo, imebaki Timeline ya kihariri chako.

Kwa hiyo udhaifu wa Git ni binadamu. Mtu anakomiti Ijumaa hadi Ijumaa halafu anasema ana akiba. Dawa yake ni kuiondoa kazi mikononi mwako. Kwenye Linux mimi nimeweka mstari mmoja kwenye `crontab`, orodha ya kazi ambazo kompyuta inazifanya yenyewe kwa saa ulizopanga:

`0 * * * * cd ~/kazi/kahawa && git add -A && git commit -qm "akiba" ; cd ~/kazi/kahawa && git push -q`

Kila saa, nikumbuke nisikumbuke. Kwenye Windows unaandika amri zilezile kwenye faili dogo na kulipangia muda kwa Task Scheduler. Wapo watakaokwambia kwamba komiti zilizoandikwa "akiba" mara 60 zinachafua historia. Ni kweli zinachafua. Ndiyo maana mimi nafanyia kazi kwenye tawi linaloitwa `akiba`, na sehemu ikikamilika naziunganisha zote kuwa komiti moja safi kwa `git merge --squash akiba`, kisha tawi lile nalianza upya. Kati ya historia chafu na saa tano zilizopotea, najua ipi inasafishika.

Mambo mawili ya GitHub yanawakwamisha wanaoanza. Tangu 13 Agosti 2021 haipokei nywila ya akaunti unaposukuma kwa HTTPS; unahitaji tokeni (msururu wa siri unaotengenezewa na GitHub) au ufunguo wa SSH (faili la siri linalokaa kwenye kompyuta yako), na kwa kazi inayojiendesha ufunguo wa SSH ndio usiosumbua. La pili, faili lolote linalozidi MB 100 linakataliwa, kwa hiyo video na picha nzito tafuta pa kuziweka.

Na tafadhali usiweke ripo ya Git ndani ya folda ya Drive au Dropbox kwa kudhani umepata yote mawili. Ndani ya `.git` kuna vifaili vinavyobadilika kwa pamoja kwa mpangilio. Huduma ya wingu inavibeba kwa mpangilio wake yenyewe, na ukifungua mradi kwenye kompyuta mbili unaweza kukuta ripo imeharibika. Ukitaka kutumia wingu, pandisha faili moja lililofungwa. Nitalieleza hapo chini.

Flashi na diski ya nje

Flashi ndiyo akiba ya Nyanda za Juu Kusini yote, kuanzia Tukuyu hadi Iringa. Ni ndogo, ni rahisi, haidai bando. Na ndiyo inayotuangusha zaidi.

Mwaka juzi mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aliingia ofisini kwangu wakati wa baridi ya Juni, amejifunga skafu hadi puani, mkono umeshika flashi kama mtu aliyeshika kifaranga.

"Shikamoo kaka. Haisomi."

"Marahaba. Inakwambia nini?"

"Inasema niifomati."

Tukaichomeka kwangu. Ikasema vilevile. Mradi wa miezi saba ulikuwa humo, na laptopu yenyewe ilikuwa ya kuazima, imeshafutwa na kurudishwa kwa mwenyewe. Tulipata sehemu kwa programu ya kuokoa mafaili, majina yote yamepotea, kazi ya kupanga kipi ni kipi ikamla wiki mbili. Nilipomuuliza kama huwa anaitoa flashi kwa utaratibu kabla ya kuichomoa, alikaa kimya.

Ukilinganisha kwa haki, diski ya nje inashinda kwa ujazo, na inaruhusu Windows au Mac ifanye nakala yenyewe: File History ya Windows huchukua nakala kila saa diski ikiwa imechomekwa, Time Machine ya Mac hivyohivyo. Flashi inashinda kwa bei na kwa kubebeka. Lakini kubebeka huko ndiko kunakoiponza, kwa sababu inabebwa kwenye mfuko mmoja na laptopu. Mfuko ukichukuliwa stendi, umepoteza kazi na akiba yake kwa dakika moja. Diski ya nje iliyoachwa imechomekwa mchana na usiku nayo inakutana na radi ileile iliyoikuta kompyuta.

Kama flashi ndiyo uwezo wako kwa sasa, itumie vizuri. Usiburute folda nzima. Tumia Git kuunda faili moja lenye mradi wote na historia yake yote:

`git bundle create E:/kahawa.bundle --all`

Kisha `git bundle verify` kuhakiki kwamba liko sawa. Siku ya msiba unaandika `git clone E:/kahawa.bundle` na mradi unarudi na komiti zake zote. Faili moja linanakiliwa haraka, linahakikika, na ndilo hilo nililosema unaweza kulipandisha Drive bila kuivuruga ripo. Kuwa na flashi mbili, moja ikae kwa dada au kwa jirani, mbadilishane kila Jumapili.

Hifadhidata hazimo

Katika yote niliyolinganisha, hakuna hata moja inayobeba hifadhidata yako vizuri. Wengi hapa tunajifunzia XAMPP, kifurushi chenye MySQL, programu ya kutunza hifadhidata, na umeme ukikatika MySQL ikiwa inaandika, asubuhi unakutana na ujumbe kwamba imezimika bila kutarajiwa, na haiwaki tena. Msimbo uko GitHub salama, majina ya wakulima 300 hayapo popote. Kunakili folda ya `mysql\data` wakati MySQL inaendesha si akiba ya kuaminika. Tumia `mysqldump`, ipangie muda kila jioni, itoe faili la maandishi.

Faili hilo usilisukume GitHub kama lina majina na namba za simu za watu halisi, hata kama ripo ni ya siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na mkulima aliyekupa namba yake kwa ajili ya malipo hakukupa ruhusa ya kuisambaza. Lifunge kwa nywila, liweke kwenye diski ya nje.

Akiba ambayo haijawahi kurejeshwa

Tarehe 31 Januari 2017, fundi wa GitLab, kampuni inayotunza msimbo wa watu duniani kote, alifuta folda ya hifadhidata kwenye seva isiyo sahihi. Katika GB 300 hivi, zilibaki GB 4.5 alipostuka. Wakaenda kwenye akiba, nao walikuwa na njia tano. Nakala za kila siku zilikuwa zinashindwa kimyakimya kwa sababu ya toleo la programu lisilolingana. Mahali zilipotakiwa kupandishwa palikuwa patupu. Kilichowaokoa ni picha ya hifadhidata ambayo mmoja wao aliichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa sababu nyingine kabisa. Walieleza yote hadharani, na nawaheshimu kwa hilo.

Ndiyo maana siku ya kwanza ya kila mwezi nachukua laptopu ya pili, navuta mradi kutoka GitHub kwenye folda tupu, naingiza faili la `mysqldump`, nauwasha mfumo, nachagua mkulima mmoja na kulinganisha malipo yake na yaliyoko kwenye mashine ya kazi. Ni dakika 20. Mara mbili nimekuta kitu kimekosekana: mara moja folda ya fomati za risiti niliyokuwa nimeiweka kwenye `.gitignore` kwa makosa, mara nyingine tokeni iliyokwisha muda, na `crontab` yangu ilikuwa inashindwa kusukuma kwa siku tisa bila kuniambia. Ndipo nikahamia ufunguo wa SSH.

Basi uchague nini?

Mwanafunzi mwenye laptopu na bando la kubana: washa `afterDelay` leo, fungua akaunti ya GitHub, panga kusukuma kila saa. Gharama yake ni karibu sifuri na inashughulikia hatari zote tatu. Folda ya wingu iachie ripoti yako ya maandishi, huko inafanya kazi nzuri sana.

Mwenye kompyuta ya mezani na wateja: hayohayo, pamoja na UPS na diski ya nje kwa ajili ya hifadhidata. Kama pesa inatosha kimoja tu mwezi huu, anza na UPS ukiwa kwenye msimu wa mvua, anza na diski ukiwa kiangazi.

Kwa anayezunguka vijijini, Ileje, Makete, kule ambako mtandao unapatikana ukipanda kilimani, folda ya wingu haifai. Itabaki inazunguka tu. Git inafaa hata huko, kwa sababu kukomiti hakuhitaji mtandao: siku tano za komiti zinakusubiri ndani ya mashine, na siku ya sita ukifika Njombe mjini `git push` moja inazibeba zote. Katikati ya hizo siku tano hatari ni ya kifaa, kwa hiyo kila jioni tengeneza bundle, lihamishie kwenye simu kwa waya, na simu isilale kwenye mfuko mmoja na laptopu. Mimi nikiwa huko natuma faili hilo kwa WhatsApp kwenye namba yangu ya pili, kama hati. La mfumo wa kahawa wote, na historia yake ya miaka miwili, halifiki MB 3, na linapita hata pale ambapo picha inagoma.